Bafle za Baba Providence

Jumapili baada ya ibada, Onésime Kakule alivua koti, akaondoa kitambaa cha kufuma kilichokaa juu ya bafle ya kushoto, akaipangusa vumbi kwa brashi ya viatu. Bafle hizo, yaani spika, zilikuwa mbili, za mbao, ndogo kama kreti ya soda, na alizinunua mwaka aliooa. Ya kushoto ilikuwa imechanika ndani, ikazibwa kwa gundi ya mpira wa baiskeli, na tangu hapo ilikohoa. Onésime alikizoea kikohozi hicho kama mtu anavyomzoea shemeji anayekoroma. Watu wa Butembo hawatupi kitu ambacho bado kinatoa sauti.

Akachomeka flashi yenye nyimbo za kwaya, na binti yao Providence, aliyepotea upande wa Beni wakati wa mavuno ya kakao, akaanza kusikika.

Alikuwa akisikika hivyo tangu wiki ile alipopotea. Zamani katika wimbo huo alikuwa mstari wa nyuma, sauti ya pili, na kumtofautisha na wenzake ilikubidi uwe mama yake. Sasa alikuwa chini ya wimbo, peke yake, kama mtu aliye chumba cha pili na mlango umefungwa. Maneno hayakutoka. Ulikuwa mvumo tu, mrefu, unapanda na kushuka. Majirani wa mtaa wa Kimemi walikuja kusikiliza, wakakubali kwamba ni yeye, wakatoa pole na kurudi makwao, kwa kuwa kila nyumba ina yake. Mchungaji alipoulizwa alisema haoni ubaya, mradi isipigwe saa za ibada.

Mama yake, Agar, alikuwa akishona sare za shule. Siku za Jumapili alifunika cherehani, akamimina chai ya maziwa, akavuta kiti karibu na bafle. Kwake jambo lilikuwa wazi: mtoto anayeimba yuko hai. Labda waasi wanamzuia porini, anawapikia, anawabebea mizigo, na kazi ikimshika anaimba, kwani hata nyumbani hakuwahi kuosha sahani akiwa kimya. Mvumo ule ulikatika kila mara kabla ya ubeti wa mwisho, na Agar alisema mtoto amechoka, amekwenda kulala. Ndiyo maana alikataa kilio kifanyike. Ukoo ulitaka kuzika shina la mgomba mahali pa mwili usioonekana, watu wale chakula, walie, watawanyike. Agar aliwajibu kwamba mtu anayeimba hazikwi.

Onésime hakuwa na uhakika wa namna hiyo, na jambo hilo lilimla ndani kwa ndani. Kazi yake ilikuwa kuleta viazi kutoka Kirumba kwa lori, na hakuwahi kununua gunia kabla ya kulifungua. Wakubwa wa Beni walikuwa wamewaambia wazazi wa wavunaji wote waliopotea kwamba kituo cha askari kilikuwa mbali sana na mashamba, ng'ambo ya mto, na hakuna aliyesikia kitu. Walisema kwa upole, na watu wakaondoka. Onésime hakuweza kulia, hakuweza kutumaini. Alitaka kusikia maneno ya mtoto wake, basi.

Akamwendea Éliakim, muuza vyombo vya muziki mjini, ambaye huzifuata bidhaa zake mwenyewe hadi Uchina. Éliakim alisikiliza maelezo yote, akataka kujua ukubwa wa bafle, akataka kujua na ampli ya kukuza sauti ni ya namna gani. Habari ya msichana anayesikika chini ya kwaya aliipokea kama daktari anavyopokea habari ya homa. Tatizo, alieleza, ni bafle. Zile ndogo zinaziua sauti nyembamba za juu, na zile nzito za chini hazizizai kabisa.

"Kila kitu iko ndani ya flashi, Papa," alisema. "Ni mabafle yako ndiyo haina nguvu ya kuitosha inje."

Akamwonyesha jozi moja nyeusi, ndefu kufika kiunoni, yenye boomer ya kutoa besi, kubwa kama sahani ya ugali wa familia. Alikuwa tayari kuzipokea zile kuukuu kama sehemu ya bei. Na kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara mwaminifu, alimwonya: bafle nzuri hazichagui, zinatoa na usichokiomba.

Nyumbani walijadiliana juma baada ya juma. Agar alianza na sababu za nyumba: sebule ni ndogo, cherehani itakwenda wapi, betri ya paneli ya jua itamalizika kabla ya chakula. Onésime alizijibu zote. Alipima sebule kwa kamba, akaisogeza cherehani dirishani, akaongeza betri. Sababu za nyumba zikaisha.

"Mama Provi, unaogopa nini?" alimuuliza.

"Naogopa kusikia. Hivi, mutoto yeko anaimba. Unataka aseme nini ingine?"

"Aseme kama yeko muzima."

Agar alirudi kwenye cherehani yake. Lakini Jumapili iliyofuata alimkuta mumewe amepiga magoti mbele ya bafle ya kushoto, shavu limebanwa kwenye kitambaa chake, macho amefumba, anasikiliza kikohozi. Vumbi lilimshika hadi kwenye nyusi. Alimhurumia sana. Alimwambia akazichukue hizo mpya, na alisema hivyo kwa huruma tu, moyo wake haukuwamo.

Zilikuja Jumamosi mchana, zimefungwa nyuma ya pikipiki, na zile kuukuu zikaondoka kwa pikipiki hiyohiyo. Onésime aliunganisha nyaya, akafungua kitufe cha sauti, kisha kitufe cha besi. Agar alikuwa na kikombe chake mkononi.

Kwaya iliingia sebuleni kana kwamba imekanyaga sakafu kwa viatu vyake. Chini yake alikuwa Providence, yuko karibu, anasikika wazi, kila neno na pumzi yake. Hakuwa akiimba. Aliita Papa, akaita Mama. Alitaja kijito walichojificha yeye na wavunaji wenzake, akasema watu wenye mapanga wanapita katikati ya mikakao, akawaomba askari waje. Ule mvumo mrefu uliokuwa ukipanda na kushuka lilikuwa neno moja, mukuye, yaani njooni, alilolivuta kwa nguvu zote za kifua chake, tena na tena.

Kisha boomer ikafanya kazi yake. Chini ya Providence kulikuwa na muziki mwingine, gitaa zito na ngoma, na jenereta, na wanaume wanacheka. Mmoja aliomba kwa Kilingala wimbo urudiwe. Kifuniko cha chupa kilianguka juu ya bati, karibu kama kwenye kiwanja cha jirani. Mwingine aligonga buti za saluti, akaitwa kuruta, wakacheka tena. Kile kituo cha askari kilichosemwa kiko ng'ambo ya mto kilikuwa hapo, na vikombe vya Agar vilitetemeka rafuni kwa muziki wake. Kabla ya ubeti wa mwisho sauti ya Providence ilikatika, na safari hii wazazi wake walisikia kilichoikata. Muziki wa kituo uliendelea hadi mwisho.

Agar aliweka kikombe chini.

"Mutoto alikuwa anatuita," alisema, "na sisi tuliwaza anaimba."

Jumapili zote zile walikuwa wamekaa hapo wanakunywa chai. Hakuna adhabu ambayo mtu angewapa ikaizidi hiyo.

Kilio kilifanyika. Shina la mgomba lilizikwa, kwaya ikaja na sare zake, watu wakala. Agar alilia vilio vyote alivyokuwa ameviweka, hadi sauti ikamkauka, na siku kadhaa wateja walimweleza vipimo vyao naye akawajibu kwa kichwa.

Baadaye Onésime alizifunga bafle katika mablanketi, akazipakia kwenye lori la viazi pamoja na ampli na betri, wakaenda Beni, yeye na mkewe. Chef, mkubwa wa ofisi ile iliyowajibu wazazi, aliwapokea vizuri. Alisema wao si wa kwanza. Kuna mama aliyemletea sufuria inayozungumza. Akawapa viti, akasaidia mwenyewe kubeba bafle ya pili. Wimbo ulipoanza alivua kofia, akasikiliza amesimama hadi mwisho. Aliomba urudiwe. Kisha akaisogelea ampli, akauliza kitufe cha besi ni kipi, akakizungusha hadi sifuri.

Muziki wa kituo ulitoweka, na jenereta, na vicheko. Akabaki msichana peke yake katika pori kubwa.

"Voilà. Sasa tunamusikia muzuri. Hapa hakuna camp, Papa. Iko mutoto tu."

"Chef, ni weye umekata basse."

"Nimerekebisha."

Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Hawakuwahi kuona kitufe cha besi. Chef aliwapa pole ya kweli, machozi yalikuwa yakimlengalenga, akawaeleza kwamba kwa jinsi alivyosikia yeye kituo kiko palepale kilipoandikwa katika ripoti, ng'ambo ya mto. Alipowasindikiza mlangoni aliuliza wamenunua wapi bafle hizo, maana zake za nyumbani zinakwaruza.

Njiani Onésime alijiziba masikio kwa viganja. Yeye aliyetaka kusikia sasa alikuwa na sikio lililojaa, hata motokaa ikiwapita alishtuka. Siku iliyofuata alikwenda kwa Éliakim kuuliza habari za bafle zake kuukuu. Zilikuwepo, nani angenunua kikohozi? Éliakim alikubali wabadilishane bila kuongeza neno. Onésime alirudi mbio kumwambia mkewe. Alimkuta anakunja vitambaa vya sare.

"Zile zitamurudisha kuimba," alimwambia. "Utapumuzika, Mama Provi."

Agar alikunja kitambaa kimoja, akakunja cha pili.

"Hapana," alisema. "Kule hakuna mutu alimuitika. Hapa tutamuitika."

Onésime aliketi kwenye kiti cha cherehani, akalia mbele ya mkewe kwa mara ya kwanza, na mkewe akamwacha alie.

Bafle mpya zimebaki. Kila Jumapili baada ya ibada Onésime hufungua besi hadi mwisho wake. Vikombe vimehamishiwa sakafuni, kwa sababu rafuni vinaanguka, na chai hainyweki tena saa hiyo. Majirani wanajua, hupunguza redio zao, na wapita njia wa Kimemi husimama kidogo kisha huendelea na safari. Providence anapoita Papa, Onésime huitika kwamba yuko hapa. Anapoita Mama, Agar humwambia, "Niko, mutoto wangu," na humwambia hivyo kila anapoitwa, bila kukosa hata mara moja. Providence hawasikii. Anaendelea kuita hadi karibu na ubeti wa mwisho, maana kule aliko hakuna aliyepunguza muziki.