Mtumishi wa Chuma wa Fundi Mabruki

Fundi Mabruki wa Ipuli alikuwa na maneno matamu, na mkewe Swaumu aliyaamini yote. Swaumu alivunjika mkono akichota maji, ukaunga vibaya, na tangu hapo binti yao Zamda alikosa shule siku mbili kila wiki ili atwange, asage na afue. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa unakaribia. Mwalimu alishatuma salamu mara mbili.

"Usihangaike, mama Zamda," Mabruki alisema. "Nakutengenezea mtumishi, mtu wa chuma. Kazi zote zake, mtoto arudi darasani."

Miezi minne alichora kwa mkaa ukutani, akagonga, akakaza nati. Na kweli, loo, dude likasimama barazani: kichwa cha debe, mkono mmoja wa kutwanga, mwingine wa kuzungusha jiwe la kusagia, na tumbo la pipa la kufulia. Mnyororo wa baiskeli uliviendesha vyote. Na mwenye kuuendesha mnyororo? Apande juu ya tandiko, akanyage pedeli!

Swaumu alilitazama tandiko lile.

"Baba Zamda, mimi nipande hapo? Na kanga? Nipanue miguu barazani, njia nzima inanitazama?"

Mabruki akainama kukaza nati. Miezi minne, hakumwuliza hata siku moja! Alipima kila kitu kwa miguu yake mwenyewe.

"Basi lihamishie uani," Swaumu akamwambia. "Huko nitapanda."

"Uani nani ataliona?"

Basi akapandishwa Zamda. Tena si siku mbili kwa wiki, bali kila siku, maana watu walimiminika kutazama, na fundi hakuchoka kuwaonyesha. Swaumu alilichukia dude lile kuliko alivyowahi kuuchukia mchi.

Asubuhi ya mtihani Zamda alivaa sare, penseli mbili mkononi. Hajafika barabarani, gari likasimama. Ndugu Tobias, katibu wa tawi la chama, alikuwa amewaleta wageni wa mkoa.

"Dakika tano tu," Mabruki akasema.

"Nenda shule, mwanangu!" Swaumu akapiga kelele. Akajifunga kibwebwe, akalipanda tandiko mwenyewe, akaushika usukani kwa mkono wake mbovu. Watazame wakitaka! Wamjue! Aibu aliisikia, lakini akakanyaga.

Mabruki akamshusha kwa nguvu. "Unataka kunivua nguo mbele za watu?" Akamwita Zamda. Mtoto wa watu, aliyezoea kutii, akarudi.

Dakika tano zikazaa nyingine. Mtumishi alitwanga, akasaga, akafua. Mgeni mkubwa akashika kiuno kwa furaha.

"Ndugu zangu, huku ndiko kumkomboa mwanamke!"

Wakapiga makofi. Swaumu alikuwa amekaa chini penye kizingiti.

Mgeni akamgeukia Zamda. "Na wewe binti, unasoma darasa la ngapi?"

"Shikamoo. La saba. Mtihani wetu umeanza saa mbili."

Mgeni akatazama saa yake. Ilikuwa saa tatu na nusu. Akamtazama katibu, katibu akamtazama fundi, na fundi akawa anafuta vumbi kwenye kichwa cha debe.

"Basi, marahaba," mgeni akasema taratibu. "Hebu twanga mara moja tu ya mwisho, tupige picha."

Zamda akakanyaga.