Sanduku la Nyachuol

Wanunuzi wengi wa masanduku huyatazama kwa macho. Nyaduoth aliyatazama kwa mikono. Tangu arudi kutoka Kenya alikuwa akipakia mizigo katika uwanja wa ndege wa Juba, na mwanamke aliyefanya kazi hiyo muda mrefu hadanganyiki na rangi. Aliingia katika duka la Cissy kule Gurei, akampa mwenyewe salamu ya haraka, akalikamata sanduku la kwanza kwa mpini wa ubavuni, akalinyanyua juu na kulitikisa kwa nguvu zake zote.

“Mama Gatluak, wewe iko nunua ama iko pigana?” Cissy aliuliza huku akicheka. Alikuwa Mganda mnene mwenye sauti ya kubembeleza, na nusu ya mtaa ilinunua kwake.

“Ninunue kitu ambacho sijakipiga? Ngoja kidogo.”

Alijua masanduku hufia wapi. Zipu hufia kwenye kona, pale inapopinda. Mpini hufia pale ulipopigiliwa, na gurudumu moja likishang’oka mengine hayachelewi. Aliyajua hayo kwa sababu yeye na wenzake ndio walioyaua. Ndege ikichelewa na jua likiwaka, hakuna mpakiaji anayekumbuka kwamba ndani ya begi kuna mtungi wa samli aliofunga bibi ya mtu kwa upendo. Begi linarushwa, linagonga, linalaliwa na mengine, basi.

Sasa watoto wake wawili walikuwa wakienda India kusoma kwa ufadhili wa kanisa, kupitia Nairobi, na yeye alitaka masanduku mawili yatakayovumilia watu wa aina yake katika viwanja vyote vya njiani. Wawili hao walikuwa wa baba mmoja, marehemu Nhial, ila si wa tumbo moja. Gatluak alimzaa mwenyewe. Nyachuol, aliyemzidi Gatluak kidogo tu kwa umri, alizaliwa na mke mkubwa, Nyakong, ambaye homa ilimchukua kule Kenya, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Nyaduoth alimpokea msichana huyo akiwa bado hajaota meno yote, akamnyonyesha ziwa moja na Gatluak ziwa la pili. Nyumbani kwake hapakuwa na mtoto wa huyu wala wa yule. Sheria ilikuwa moja tu: kikija kitu kipya, mkubwa huchagua kwanza, na mkubwa alikuwa Nyachuol. Iwe nguo za mtumba, kalamu za shule au kipande cha nyama, Nyachuol alitangulia. Majirani walimsifu Nyaduoth kwa jambo hilo, naye, tuseme ukweli, zile sifa alizipenda. Alizivaa kila Jumapili pamoja na kitambaa chake cha kanisani.

Alijaribu sanduku la tatu, la nne, akayasukuma pembeni yote. Lililofuata lilikuwa la plastiki ngumu, samawati iliyokolea. Alilikandamiza kwa goti, likabonyea na kurudi bila kelele. Alivuta zipu hadi kwenye kona na kuirudisha mara nyingi, haikukwama hata mara moja. Magurudumu yalikuwa mawilimawili kila pembe. Alitabasamu peke yake.

“Hili. Nipe mawili.”

“Hiyo iko moja tu, mama. Ingine iko kwa loli, na loli imekwama mpakani Nimule. Labda wiki ingine.”

“Wanasafiri Jumapili hii, Cissy.”

“Basi chukua hii ya pili. Angalia, rangi ni ileile.”

Kweli rangi ilikuwa ileile, na umbo lilelile. Ukiyasimamisha sambamba huwezi kuyatofautisha. Nyaduoth aliliwekea kiganja tu, plastiki ikalia kama ganda la karanga. Zipu ilikuwa nyembamba, na ilipofika kwenye kona ikauma. Alijua mara moja. Lile lingefika Nairobi, huenda. Mbele ya hapo lingepasuka, na mwenyewe angesimama katika nchi asiyoijua akiokota nguo zake za ndani mbele ya wageni.

Alikuwa ameshazunguka soko la New Site na masoko mengine bila kupata la maana. Hapo ndipo Cissy alipotoa makasi na vipande vya kitenge, kwani ilikuwa desturi yake kufunga kitambaa kwenye mpini wa kila sanduku aliloliuza, ili mwenyewe alitambue akifika.

“Hii ya nguvu ni ya nani?” aliuliza. “Nimufungie nyekundu.”

Nyaduoth angeweza kusema, ngoja watoto wachague. Angeweza kusema, ya msichana, maana ndiye mkubwa. Mdomo ukawahi.

“Ya kijana,” alisema.

“Kijana ndiye mukubwa?”

“Mkubwa ni msichana.”

Cissy alimtazama, kisha akatazama makasi yake. Alifunga kitenge chekundu kwenye lile zuri, akafunga cha manjano kwenye lile bovu, na Nyaduoth akasikia uso wake ukiwaka moto.

Njiani kurudi alijitetea kama mtu aliye mbele ya hakimu. Gatluak ni mvulana, hatunzi vitu. Gatluak ana vitabu vingi, na vitabu ni vizito. Nyachuol ni mwangalifu, hata mfuko wa karatasi angefika nao India mzima. Hoja zilikuwa nzuri, tena za kweli. Shida ni kwamba zilikuja baada ya mdomo kusema, na yeye alijua hivyo.

Gatluak aliyapokea masanduku mlangoni kwa shangwe. “Wah, Mathe! Hii ni moto!” alimwambia mama yake, akalizungusha la kwake uani hadi kuku wakatawanyika.

Nyachuol alisimama akivitazama vitambaa. “Mama, hatuchagui?”

“Mchague nini, mwanangu? Yako sawa kabisa. Nimefungisha vitambaa msije mkagombana.”

Hao watoto hawakuwa wamegombana tangu waote ndevu na matiti, na wote watatu walilijua hilo. Nyachuol alisema, “Asante, Mama.” Akachuchumaa, akaivuta zipu polepole hadi kwenye kona, akairudisha, akaweka kiganja juu ya plastiki na kukiacha hapo kitambo. Kisha akaenda kuosha vyombo. Nyaduoth alijitia kupepeta mchele.

Tangu siku hiyo hatia ilimla kama kidonda cha tumbo. Alimwekea Nyachuol minofu na kumwachia Gatluak mifupa. Alimnunulia viatu vya ngozi, akamnunulia na shali, akamsuka nywele mwenyewe ingawa vidole vilikuwa vimechoka na mizigo. Gatluak alikaripiwa kwa kukohoa. Kila alipokaa na msichana peke yake, maneno yalimpanda hadi kooni, naye akayameza na kuuliza kama anataka chai zaidi. Nyachuol alikubali chai. Alikuwa mpole kama siku zote, na upole huo ndio uliomchoma Nyaduoth kuliko ambavyo matusi yangemchoma.

Kazini mambo yalizidi. Begi moja la samawati lilipasuka kwenye lami, na magauni ya mwanamke asiyejulikana yakatapakaa chini ya bawa la ndege. Wenzake walicheka. Nyaduoth alipiga magoti akayaokota moja moja, akayakung’uta vumbi na kuyakunja, machozi yakimtoka mbele za watu.

“Mama Gatluak, malesh, pole,” alisema Lino, mpakiaji mwenzake, akimshika bega. “Si yako haya.”

“Najua si yangu,” alijibu, akaendelea kukunja.

Asubuhi ya Jumapili alipiga moyo konde. Gatluak alikuwa bafuni akiimba. Teksi ilikuwa imeshafika, dereva akinywa chai mlangoni. Nyaduoth aliingia chumbani, akamkuta Nyachuol ameketi kitandani, sanduku lake limefungwa tayari, kitambaa cha manjano kikining’inia.

“Toa vitu vyako, mwanangu. Tunabadilisha na Gatluak.”

“Kwa nini, Mama?”

Uongo ulikuwepo, umejipanga vizuri ulimini. Safari hii aliutema, akasema kweli. “Lako ni bovu. Nililijua dukani. Zuri lilikuwa moja, nikampa mwanangu.”

Alilisikia neno hilo la mwisho likitoka, akatamani kulirudisha. Nyachuol aliendelea kuikunja shali yake.

“Najua,” alisema.

“Unajua nini?”

“Kwani nani alitufundisha? Kila siku ukirudi kazini ilikuwa ni zipu imekufa kwenye kona, mpini umekufa hivi. Mimi na Gatluak tumekulia humo. Yeye hakuangalia, alifurahia tu. Mimi niliangalia siku uliyoyaleta.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikuwa nakungoja uniambie wewe. Kila jioni nilisema, leo atasema. Ukaniletea viatu. Jioni nyingine nikasema, leo hakosi, ukaniletea shali.” Aliitazama ile shali mikononi mwake. “Nikaona hutasema.”

“Si nimesema sasa?”

“Umesema gari likiwa nje.”

Nyaduoth alipiga magoti, yeye mtu mzima, akashika zipu aifungue mwenyewe. Nyachuol aliushika mkono wake, kwa heshima lakini kwa nguvu, akauondoa.

“Nimeshapanga. Vizito nimeviweka kwenye begi la mgongoni, humu mna nguo nyepesi tu. Acha, tutachelewa.”

“Nakuomba, Nyachuol.”

“Ungeniuliza siku ile ningekuambia mpe Gatluak,” msichana alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikatetemeka. “Ana vitabu vingi, na hajui kutunza. Ningempa mwenyewe kwa mikono yangu. Mimi si ndiye mkubwa? Lakini hukuniuliza.”

Bafuni wimbo ulikoma. Gatluak alitoka akidondosha maji, akauliza taulo iko wapi, na mazungumzo yakaishia hapo. Mlangoni Nyachuol alimkumbatia Nyaduoth kama inavyopasa, akainamisha kichwa apokee baraka. Nyaduoth aliubariki utosi ule, akaona haya hata mbele za Mungu.

Zamu yake ilikuwa siku hiyohiyo, aliiomba mwenyewe. Mkokoteni wa mizigo ulipofika chini ya ndege, alilitafuta sanduku la kitambaa cha manjano na kulibeba mikononi, amelikumbatia kifuani.

“Iko na mayai ndani?” Lino alitania.

“Nyamaza, Lino.”

Aliliweka juu ya yote, mbali na mlango, akalipangia mabegi laini pande zote. Abiria walivuka lami kwa miguu. Gatluak alimpungia mikono miwili akirukaruka bila aibu. Nyachuol alipunga mmoja, akapanda ngazi, akaingia. Nyaduoth alisimama hapo na fulana yake ya kazi hadi ndege ilipoondoka, akiomba ombi moja tu: lifike zima, Mungu wangu, lifike tu. Likifika zima, aliwaza, basi hakuna aliyeumia, na mimi nitapumua.

Jioni ya siku iliyofuata alikuwa akichambua dagaa uani simu ilipolia. Gatluak alikuwa ametuma sauti ndefu yenye kelele za jiji, akisema chakula kina pilipili ya kuua, chumba ni kizuri, anakwenda kulala sasa. Baada yake ikaingia picha kutoka kwa Nyachuol. Nyaduoth alifuta mikono kwenye kanga, akaisogeza simu karibu na macho.

Sanduku la samawati lilikuwa limesimama juu ya kitanda kigeni. Aliikuza picha. Alikagua kona moja baada ya nyingine, akakagua zipu, akahesabu magurudumu. Halikuwa na ufa. Lilikuwa zima kama lilivyotoka dukani. Alishusha pumzi kwa nguvu, akasema “Asante Yesu” hata jirani akasikia ng’ambo ya ua. Ndipo akasoma maneno yaliyoandikwa chini.

“Limefika salama, Mama Gatluak. Asante kwa kila kitu.”

Hakukuwa na kosa katika jina hilo. Lilikuwa jina lake halali, la heshima. Cissy alimwita hivyo, Lino alimwita hivyo, mchungaji alimwita hivyo mimbarani. Watoto wa mke mwenza nao, katika nyumba nyingi, ndivyo wamwitavyo mke wa baba yao, na hakuna anayekasirika. Nyachuol peke yake, tangu siku aliyojua kutamka, hakuwahi kumwita hivyo.

Nyaduoth aliandika, “Karibu, mwanangu.” Akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Dagaa walianza kuingiliwa na nzi, na bado alikuwa ameishika simu mkononi, akitafuta neno ambalo alikuwa na haki ya kuliandika.