Chumvi Kizingitini

"Imeshuka tena," Innocent alisema, jicho moja bado limebanwa kwenye kipimo cha chumvi. Alikielekeza dirishani mara ya pili, kana kwamba hata jua la Ilembo, pale Mpanda, lilikuwa linamficha kitu. "Hebu chungulia mwenyewe."

Arcade alichungulia. Rangi ya buluu ilikomea kwenye thelathini na moja, nayo ilitakiwa ifike thelathini na tano. Ndani ya tangi la kioo matumbawe yalikuwa yamejikunyata, na samaki wawili wa rangi ya chungwa walikuwa wamejibanza kwenye kona.

"Nimejaza hadi kwenye mstari, bosi. Kama kila siku."

"Umejaza, ndiyo. Lakini joto linapunguza maji, halipunguzi chumvi. Ukirudishia maji matupu, kipimo kinabaki pale pale. Kikishuka, ujue kuna mtu anachota." Innocent alishusha kipimo. "Kuna watu wananunua maji ya bahari kwa chupa, ya dawa. Unawajua?"

"Siwajui."

"Nyie wa Katumba mna mambo yenu. Jumamosi napima. Nikikuta imeshuka, chukua begi lako."

Watu wa Mpanda wakishika hela hununua ng'ombe au basi. Innocent, muuza mabati na saruji, alinunua bahari. Aliipenda alipokuwa anasoma Tanga, na aliporudi akaijenga sebuleni kwa chumvi ya kuagiza, taa na pampu, kisha akamkabidhi Arcade, aliyekuwa mtunza bustani wake. Arcade naye aliipenda, ingawa hakuwahi kumwambia mtu. Na Aline, mkewe, alikuwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa zamani, na mimba kubwa. Kibarua hiki kikiota nyasi, wangekula nini?

Tangu asubuhi hiyo akaanza kumshuku kila mwenye mikono. Alimshuku Marsela, mpishi, kwa sababu alipita sebuleni na sufuria. Alimshuku fundi wa umeme. Alifika mahali akajishuku mwenyewe, kwamba labda anajaza maji huku amelala.

Ijumaa, akitoka chumbani kwake uani, aliona alama nyeupe kwenye kizingiti. Alikuwa ameshaiona siku zilizopita, akadhani ni chokaa. Safari hii aliinama, akaigusa kwa kidole kilicholowa mate, akaonja. Ilikuwa chumvi, tena ile yenye uchungu nyuma yake, aliyoizoea kila anapovuta maji ya tangi kwa mpira na mdomo. Ya jikoni haina uchungu huo.

Akazunguka ua. Nyumba kubwa ilikuwa imezungushiwa alama hizo, chini ya kuta zote, duara zima. Mlangoni kwake ulikuwepo mstari mmoja tu, umekatiza njia anayopita kwenda nyumba kubwa. Arcade hakuhitaji mganga wa kumfafanulia. Walioko ndani wanakingwa, naye ndiye wanayekingwa naye. Ilimuuma kuliko maneno ya bosi.

Bibi Helena, mama yake Innocent, mtu pekee ambaye Arcade hakuwa amemshuku, alikuwa amekaa nyuma ya jiko akichambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Samaki wameshakula?"

"Wameshakula. Bibi, mlangoni kwangu kuna chumvi."

Vidole vya bibi havikusimama. "Wenye husuda ni wengi, na mwanangu ana mali. Maji ya bahari yanawafunga."

"Na mimi ni mmoja wao?"

"Wewe sikujui. Kwenu wapi?"

"Katumba. Nimezaliwa pale, na baba amezikwa pale."

"Baba yako, sawa. Na babu yako?"

Arcade alichuchumaa. Babu yake alizikwa ng'ambo ya mpaka, na swali hilo alishalichoka. "Bibi, ukichota, mimi naona maji yamepungua, nadhani ni joto. Naongeza matupu. Chumvi inazidi kuwa nyepesi na vile viumbe vinakufa. Kesho bosi ananifukuza."

"Si umwambie ni mimi."

"Nimwambie mama yake anamwaga dawa kwenye nyumba yake? Atasema unamroga."

Hapo vidole vilisimama. "Mimi namkinga."

"Najua. Yeye atasikia hivyo?"

Bibi alitupa punje mbovu kwa kuku. "Lakini yale ni ya bahari kweli?"

Arcade alifikiria ndoo za chumvi stoo, na bomba. "Samaki wa bahari wanaishi humo," alisema.

Jioni alichanganya maji mengine ya chumvi kwenye ndoo, akayapima mpaka yakafika panapotakiwa, akayaweka kando ya tangi. "Chota humu, bibi. Ni yale yale." Bibi aliitazama ile ndoo, kisha akamtazama yeye, akaondoka.

Asubuhi ndoo ilikuwa imejaa vile vile. Tangi ndilo lililopungua. Arcade alilizunguka tangi. Bibi hakutaka maji yaliyopita mikononi mwake, basi, na leo ni Jumamosi. Ndipo alipoiona chupa ya soda nyuma ya tangi, tupu, bado imelowa, imesimamishwa pale ambapo yeye peke yake hupitisha mkono.

Alielewa taratibu. Bibi alikuwa amemwachia kipimo cha alichochota. Akaijaza chupa kutoka kwenye ndoo, akaimimina tangini polepole, na upungufu uliobaki, ule wa joto, akaujaza kwa maji matupu hadi kwenye mstari.

Innocent alipima mara mbili. "Haijashuka," alisema. Kisha akacheka kidogo, bila furaha. "Kumbe mwizi akitishwa anaacha."

Bibi Helena alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Alisikia, akanywa. Arcade akabeba ndoo yake, akatoka. Kazi alikuwa bado nayo.

Uani, kizingiti chake kilikuwa kimefutwa. Lakini chini ya ukuta palikuwa na unyevu, na unyevu ule ulipinda kona. Akaufuata. Ulizunguka nyuma ya chumba, ukapita chini ya kidirisha, ukarudi hadi mlangoni, duara zima, kama lile la nyumba kubwa. Jua lilikuwa limeshaanza kuukausha, na pembeni ulikuwa unageuka mweupe.

Hakujua kama amekingwa au amezingirwa. Kisha akainua ndoo juu kidogo, isije ikamwagika, akauvuka.