Mwanamke Mwenye Mzigo

Mwaka 2013 chama cha wafanyabiashara wa Tunduma kilimpa Roda, mchora mabango, kazi ya kubuni nembo. Mwenyekiti, Bwana Josephat, alitaka picha itakayoonyesha mji ulikotoka. Malori hakuyataka; malori, alisema, kila mpaka unayo.

Roda alimchora mwanamke mwenye mzigo kichwani, akivuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Tangu utotoni alisikia kwamba miaka ile sabuni ilipoadimika, ni kina mama waliokwenda kuifuata ng'ambo. Kamati iliupenda mchoro, ikamwambia aandae bango.

Jioni akamwonyesha mama yake, Ketrina, akidhani atafurahi. Ketrina alikuwa anapeta maharage. Aliutazama mchoro, akaendelea kupeta.

"Huyu ni wewe, mama," Roda alisema.

"Najua. Watu wa hapa walishaniona hivyo."

Ndipo akamsimulia. Mgambo walimkamata porini na katoni ya sabuni ya magendo. Kabla ya kumpeleka kituoni walimtwisha katoni ileile, wakamzungusha sokoni kutwa, watu wakimcheka, na wengine kati yao walikuwa wateja wake. Tangu siku hiyo hakubeba tena kitu kichwani, hata ndoo ya maji. Roda alikuwa amezoea kumwona akibeba ndoo kwa mkono, akidhani ni shingo inamsumbua.

"Sikukatazi," Ketrina alisema. "Kazi ni yako."

Kesho yake Roda alishinda sokoni kwenye mahindi, akiwatazama Wazambia na Watanzania wakipimiana. Akachora debe lililojaa mpaka kilele, akalipeleka kwa kamati.

Bwana Josephat hakupendezwa. Alisema debe halina sura ya mtu, tena walishakubaliana. Akataka kujua kilichoharibika.

"Mchoro ule una mwenyewe," Roda alijibu, "na hautaki."

Mzee Isaka, mwenye duka pale sokoni tangu miaka ile ya sabuni, alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuuliza mwenyewe ni nani. Alisema tu kwamba debe linatosha, na wenzake, waliokuwa wamechoka, wakakubali.

Bango lilitundikwa mwezi uliofuata. Ketrina alisimama chini yake na kapu lake mkononi, akasema ile njano imezidi kidogo, kisha akaingia sokoni kutafuta dagaa.