Karantini ya Beseni

Kiprono, dereva wa lori, aliingia ofisini kwangu mpakani Malaba amekumbatia ndoo ya maji ya bahari kutoka Mombasa. Ndani yake aliogelea samaki wa buluu, mzuri hadi nikasahau kumsalimia mwenye ndoo.

"Nimekuletea zawadi, Mama Nabwire. Mtie kwa tangi akae na wenzake."

Tangi langu la maji ya chumvi lina samaki wanne niliowalea miaka mitatu. Na hawa wa buluu nawajua: hushikwa upesi na ugonjwa wa madoa meupe, kisha huambukiza wote.

"Huyu ni mzima kabisa," Kiprono akasema.

"Hata ule mzigo wako wa mwezi uliopita wewe ulisema uko sawa, na haukuwa!" nikamfokea. "Mimi ni ajenti wa mpaka, karatasi za mizigo hupitia mkononi mwangu. Kwangu hakuna kinachovuka bila kukaguliwa."

Nikamweka samaki kwenye beseni, peke yake. Siku ya tano madoa yakatokea. Nikamtibu, nikamgombeza, nikamwimbia. Baada ya wiki sita hakuwa na doa hata moja. Nikamtia tangini, na kwa furaha nikabandika karatasi kwenye kioo na kuipiga muhuri: AMEKAGULIWA. APITE.

Kiprono, aliyerudi na mzigo mwingine, alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi.

"Hongera kwake, mama," akasema. "Na karatasi zangu za mzigo?"

Zilikuwa mezani, chini ya kopo la chakula cha samaki.