Sidi Wawili na Uso Mmoja

Kama hukuwahi kuketi barazani kwangu pale Ukunda, nikikaanga bajia mlangoni mwa Griffin wa kompyuta, basi ugomvi wa akina Sidi umeusikia nusunusu. Wengine wanasema ni uchawi. Uchawi gani! Ni picha moja tu.

Mzee Mangi na mdogo wake Chande, wa kule Tiwi, kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, kama ilivyo ada. Ndiyo maana wapo Sidi wawili. Sidi wa Mangi ndiye fundi. Anachora vibuyu kwa waya wa moto: kaa, pweza, wanawake wanaosutana kisimani, mpaka unataka kuwauliza wanagombania nini. Sidi wa Chande alikuwa akisuka nywele za wageni ufukweni. Kiingereza anacho, Kijerumani anakibabaisha, na sura, wallahi, kajaaliwa.

Tangu vurugu za mwaka wa tisini na saba wageni walitukimbia, na vibuyu vikarundikana chini ya kitanda. Ndipo Griffin, kijana wa Kisumu aliyekuwa na kompyuta na laini ya simu, akamwambia Sidi wa Mangi mbele yangu:

"Sista, mgeni asipokuja Diani, mfuate kwao. Nakuwekea ukurasa kwenye intaneti. Kila kibuyu tukipige picha juani, unipe hadithi yake niandike. Mtu akiuliza, anajibiwa siku hiyohiyo. Lakini hao watu hawanunui kitu bila kumjua aliyekitengeneza. Nataka jina na sura."

"Jina Sidi."

"Sidi nani?"

"Sidi tu. Tiwi nzima nani asiyenijua?"

Picha akaikataa. Mamake alikuwa amezikwa majuzi, naye amenyolewa kichwa kwa ajili ya matanga, hakutaka kutazamwa vile na watu wa Ulaya. Akamgeukia ndugu yake, aliyekuwa akitafuna bajia zangu.

"Nenda kapigwe wewe. Kwani Sidi si Sidi?"

Tulicheka sote, na mimi nikiongoza.

Wiki chache zikapita. Siku moja barua pepe ikaingia, Griffin akaisoma kwa sauti tukiwa tumejazana mlangoni. Bibi mmoja wa Ujerumani, mwenye duka la sanaa, anakuja mapumzikoni hoteli ya Galu. Ameviona vibuyu, anavitaka vyote, na anataka awe akiviuza huko mwaka mzima kwa jina la Sidi. Ila kwanza amwone Sidi mwenyewe.

Sidi wa Mangi akapiga kigelegele. Mwenzake hakupiga. Akauliza polepole, "Anataka kumwona Sidi yupi?"

"Wa kwenye picha," akasema Griffin, na nadhani alitamani aumeze ulimi wake.

"Basi nitaenda mimi."

"Uende kufanya nini?" Sidi wa Mangi akamwambia. "Hata kibuyu hujui kukikausha!"

"Jina langu, uso wangu. Na ni wewe uliyesema Sidi ni Sidi. Mashahidi hawa hapa, midomo inang'aa mafuta."

"Nilikutuma kupigwa picha, sikukutuma kuolewa!"

"Haya, nenda wewe na kipara chako, tuone kama utamjibu mgeni neno moja la Kiingereza."

Kile kichwa kilinyolewa kwa ajili ya maiti, na maiti mwenyewe ndiye aliyemlea Sidi wa Chande tangu anatambaa. Sidi wa Mangi alichukua bakuli langu la unga wa dengu, akammwagia mwenzake kuanzia utosini. Dengu nilizozipepeta mwenyewe!

Siku ya mgeni niliziacha bajia. Nikose hayo? Tulifika getini Galu, mimi, Griffin, na Sidi wa Mangi na kikapu chake kichwani. Askari wa getini, Wafula, alikuwa na karatasi iliyochapwa ile picha.

"Sidi ameshaingia," akasema.

"Sidi ni mimi."

"Mama, mimi nafuata picha."

Akaenda ndani, akarudi ameinamisha macho. "Sidi anasema unipe vibuyu nimpelekee."

"Mwambie Sidi, Sidi amekataa."

Haukupita muda wakatoka wenyewe: mgeni na kofia yake pana, Sidi wa Chande na gauni la kuazima, na Milcah, mhudumu wa hoteli, mteja wangu wa bajia. Sidi wa Chande akamwambia mgeni jambo kwa Kiingereza, akinyoosha mkono kwenye kikapu. Milcah akamnong'oneza Sidi wa Mangi, "Anasema wewe ni dada yake, unambebea mzigo."

Sidi wa Mangi hakumtazama ndugu yake. Alimtazama yule aliyeandika ule ukurasa.

"Griffin, sema."

Griffin akakuna shingo. "Sista, acha kwanza auze. Mgeni akishuku tunamkosa. Mtagawana huko nyumbani."

"Tutagawana nini? Jina?"

Mgeni naye hakuwa mjinga, alishaona nyuso zimekunjana. Akauliza kitu, Milcah akatafsiri kwa sauti: "Anauliza, Sidi ni nani?"

"Mimi," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Mgeni akaitazama karatasi ya Wafula. Akakitazama kichwa kilichonyolewa, akaitazama ile sura. Kisha akaushika mkono wa Sidi wa Chande, akatabasamu kwa haya, kama mtu aliyekaribia kukosa adabu.

Sidi wa Mangi akakiinua kikapu. Nilitaka kumsaidia, akaniondoa kwa kiwiko. "Na wewe," akaniambia, "kacheke tena."

Ndugu yake akaona mali inaondoka, akauacha mkono wa mgeni na kukimbilia barabarani. "Haya, baki navyo! Utavinywea maji!"

"Nitavinywea," akajibu bila kugeuka. "Na wewe mpe uso wako, aupakie ndegeni."

Mgeni akakinyooshea kidole kikapu kilichokuwa kikienda zake, akiuliza jambo. Milcah alikuwa amesharudi jikoni. Griffin alikuwa akiangalia viatu vyake. Wafula akafunga geti.