Unga Mweusi wa Gentrix

Mvua ya Malaba haijawahi kunishinda mbio. Nikiachiwa kitu cha kuanua, wingu lenyewe linaniogopa. Ndiyo maana binamu yangu Gentrix aliniamini na unga wake mweusi, nikauanika kwenye turubai kando ya barabara, katikati ya mihogo na omena, wale dagaa wa ziwani, za watu.

Unga huo aliutengeneza kwa manganizi na shaba iliyochomwa. Baba yake, dereva wa lori, aliwahi kuzimia kwenye foleni ya mpaka, amejifungia kabini na jiko la makaa apate joto. Tangu hapo Gentrix na kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye makaa, hawasalimiani.

"Emong, sikia," aliniambia. "Kila punje imekaliwa na oksijeni, kama wateja kwenye benchi la kibanda cha chai. Kaboni monoksidi ikipita inanyakua mmoja, inatoka ikiwa kaboni dioksidi. Benchi linabaki na nafasi, oksijeni ya hewani inakuja kukaa."

"Na chai analipa nani?"

"Wewe, ukiniharibia."

Kesho yake Mwalimu Mulama akaja na king'ora kinacholia kikinusa gesi hiyo. Unga ukifanya kazi, Gentrix anaenda mashindano ya sayansi Nairobi. Ukikataa, anaenda mwingine. Tukapitisha moshi wa jiko kwenye bomba lenye unga.

Piii! Piii!

"Pole, dada," Mwalimu akasema, akaanza kufunga mkoba.

Gentrix, machozi yakimlengalenga, akachota unga akausugua vidoleni. "Emong, huu ulinyeshewa?"

"Haki ya Mungu, haujaona hata tone!"

"Mbona umeshikana? Maji ndiyo yamekalia benchi! Mwalimu, ngoja!"

Akanyakua kikaango cha chapati, akaukaanga ule unga kama njugu. Mvuke ukapanda. Akaurudisha kwenye bomba ukiwa bado moto.

Kimya.

Mwalimu akakipiga king'ora kofi, akidhani kimekufa. Akakisogeza kwenye jiko: piii! Akakirudisha kwenye mdomo wa bomba: kimya kabisa!

Weee! Gentrix aliruka, mimi nikaruka, Mwalimu akaruka na tai yake. Malori yakapiga honi bila hata kujua kuna nini.

"Bado hakuna kulala na jiko kabini, mmesikia?" Mwalimu akahema. "Lakini Nairobi unaenda!"

Gentrix akapangusa macho, akanigeukia. "Sasa hayo maji yalitoka wapi?"

"Umande, boss. Umande wa huku ni mkali."

Hapo ndipo Mama Auma, muuza omena, alipofika na kifurushi mkononi, nyuma yake binti yake Brendah akitabasamu.

"Emong, mwanangu, nimekuletea asante. Jana mvua iliposhuka, uliacha turubai yako ukakimbilia ya Brendah. Omena yetu hata moja haikulowa! Pole tu kwa ule unga wako mweusi, ulinyeshewa wote."

Gentrix alikuwa bado ameshika kikaango.